Sindano Iliyopigwa Mwale: Kiswahili cha Kueleza Usterilishaji kwa Elektroni na Plazma

1. Utangulizi

Ukichukua pakiti ya sindano ya plastiki au ya glovu za upasuaji katika duka la dawa hapa Lubumbashi, mara nyingi utaona kisanduku kidogo chenye neno STERILE na, kando yake, herufi au mchoro. Herufi EO zinaonyesha kwamba vijidudu vimeuawa kwa gesi iitwayo oksidi ya ethilini. Mchoro wa kipimajoto unaonyesha kwamba limetumika joto, ama la mvuke ama la hewa kavu. Herufi R inaonyesha mionzi: ama gama, ama eksirei, ama elektroni zilizorushwa na mashine. Alama hizi ni za kimataifa. Aliyefundishwa kuzisoma anazielewa vilevile Bukavu, Dar es Salaam na Paris.

Tatizo linaanza pale muuguzi anapotakiwa kuieleza ile R kwa Kiswahili. Tuseme mama aliyemleta mtoto kuchanjwa ameuliza maana yake. Jibu la haraka ni "sindano hii ina mionzi" au "ni sindano ya mionzi". Sentensi hizi ni fupi, sarufi yake haina kasoro, lakini ya kwanza ni ya uongo na ya pili inakaribisha uongo. Sindano ile haina mionzi ndani yake. Ilipitishwa chini ya mionzi kiwandani kwa muda, ikiwa tayari imefungwa, kisha ikatoka. Mama akiikataa kwa sababu ya jibu hilo, hatuwezi kumlaumu kwa kutoelewa. Ameelewa barabara maneno aliyoambiwa.

Makala haya yanachunguza maneno hayo. Mimi ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika, si mwanafizikia, na naingia katika mada hii kwa mlango wa istilahi. Hata hivyo, huwezi kuchagua istilahi ya kitu usichojua kinavyofanya kazi. Kwa hiyo nitaanza na mashine yenyewe, kisha nitapima maneno manne: mionzi, mwale, sterili na plazma. Kila neno nitaliuliza maswali matatu. Ni kitu gani kinachopita? Kinafanya nini? Nini kinabaki baadaye? Neno linalopotosha katika swali la tatu ndilo lenye madhara zaidi, maana mgonjwa haioni mashine wala kiwanda; yeye hukutana na kile kilichobaki tu.

2. Mashine inavyofanya kazi

Elektroni ni chembe ndogo sana yenye chaji hasi. J. J. Thomson ndiye aliyethibitisha kuwapo kwake mwaka 1897, huko Cambridge, Uingereza. Ili kuzipata elektroni kwa wingi, kipande cha metali hupashwa moto ndani ya ombwe, yaani ndani ya chombo kilichotolewa hewa, mpaka elektroni zichomoke. Kisha umeme wa nguvu kubwa huzivuta na kuzikimbiza. Televisheni za zamani, zile zenye kisogo kirefu, zilifanya kazi hiyohiyo: elektroni zilirushwa kutoka nyuma kwenda kwenye kioo, na sumaku zikaziongoza.

Mashine ya kiwandani inatofautiana na televisheni kwa nguvu. Nishati ya elektroni hupimwa kwa elektronivolti. Katika televisheni ya rangi ilikuwa kama elektronivolti 25,000. Katika mashine ya kusterilisha inaweza kufika milioni 10, na hapo mwendo wa elektroni unapita asilimia 99 ya mwendo wa mwanga. Elektroni hizo hutoka kwenye ombwe kwa kupenya utando mwembamba wa metali ya titani. Sumaku huzipeleka huku na huku kama brashi ya mpaka rangi, na maboksi ya bidhaa hupita mbele yake juu ya mkanda unaotembea.

Elektroni inapoingia katika bidhaa hugonga elektroni za molekuli zilizomo na kuvunja viungo vya molekuli hizo. Ndani ya bakteria, DNA hukatwa mahali pengi mno kiasi kwamba bakteria huyo hawezi tena kuzaana. Kipimo cha nishati inayoachwa katika bidhaa kinaitwa gray, yaani jouli 1 kwa kila kilo. Kwa vifaa vya tiba, kipimo kinachotumika sana ni gray 25,000. Namba hiyo inatisha, lakini kama nishati hiyo yote ingegeuka joto katika maji, maji yangepanda nyuzi 6 tu. Hii ndiyo faida yake kubwa. Mvuke wa hospitali hufanya kazi kwa nyuzi 121 au zaidi, na plastiki nyingi zingelegea au kupinda humo. Chini ya elektroni plastiki haipati joto hilo, na bidhaa husterilishwa ikiwa tayari imefungwa katika pakiti yake ya mwisho.

Njia hii si mpya. Kampuni ya Ethicon ya Marekani iliitumia kwa nyuzi za kushonea majeraha tangu miaka ya 1950. Nayo ina mipaka yake. Hata kwa elektronivolti milioni 10, elektroni hupenya sentimita chache tu katika kitu chenye uzito kama wa maji. Boksi likipigwa pande mbili, unene unaofaa hufika kama sentimita 8. Baadhi ya plastiki, kama polipropilini ya kawaida, huweza kuwa dhaifu na kukatika baadaye, kwa hiyo kiwanda huchagua aina inayostahimili. Na hakuna mtu anayekaa katika chumba cha mashine inapofanya kazi: kuta zake ni za zege nene, na baada ya mashine kuzimwa hewa hutolewa kwanza, kwa sababu elektroni huigeuza sehemu ya oksijeni ya hewa kuwa ozoni, gesi inayodhuru mapafu.

Sasa tujibu maswali yetu. Kinachopita ni elektroni. Zinachofanya ni kuvunja viungo vya molekuli. Kinachobaki ni sindano ileile, ikiwa na mabaki ya vijidudu visivyoweza kuzaana. Mashine ikizimwa, elektroni zinakoma papo hapo.

3. Mionzi: neno moja, mambo matatu

Katika Kiswahili cha kila siku, mionzi ni ile ya jua: mistari ya mwanga inayotoka mbinguni na kutua usoni. Sayansi ilipokuja, neno hili lilibebeshwa mizigo mingine, na leo linataja mambo matatu tofauti.

Jambo la kwanza ni kile kinachosafiri: mwanga, eksirei, gama, au chembe zinazokimbia. Mgonjwa wa saratani "anapotibiwa kwa mionzi", maana ni hii. Jambo la pili ni tabia ya madini fulani, kama urani, kutoa mionzi yenyewe bila kuwashwa na mtu. Jambo la tatu ni uchafu: chembe za madini ya aina hiyo zilizoanguka juu ya mimea, maziwa au udongo. Nchini Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomu ina kazi ya kupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Hapo mionzi ni jambo la tatu, kitu kinachotafutwa ili kikipatikana chakula kizuiwe. Lakini mionzi hiyohiyo, kwa maana ya kwanza, hutumika duniani kuua vijidudu katika viungo vya chakula kama pilipili. Neno moja linataja uchafu na linataja njia ya kuondoa vijidudu. Msikilizaji atajuaje?

Kwa mtu wa Katanga neno hili lina pia historia. Urani ya Shinkolobwe ilitumika katika kutengeneza bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945. Kinshasa ilipata kinu cha utafiti wa nyuklia mwaka 1959, cha kwanza katika bara la Afrika. Habari za migodi ya urani husimuliwa hapa kama habari za sumu isiyoonekana, inayokaa katika udongo na katika mwili. Ukisema mionzi bila maelezo, unaamsha habari hizo zote kwa mara moja.

Ulinganisho wenye kusaidia darasani ni wa tochi na kaa la moto. Ukimulika ukuta kwa tochi, kisha ukaizima, ukuta haubaki ukimulika. Kaa la moto linatoa joto lenyewe, halina swichi, na linapoa polepole kwa wakati wake. Mashine ya elektroni ni tochi. Madini yanayotoa mionzi yenyewe ni makaa, na kwa tabia hiyo Kiswahili sanifu kina neno zuri tayari: unururifu. Kitu chenye tabia hiyo ni nururifu.

Kobalti inatupa mfano wa karibu. Viwanda vingi vya kusterilisha havitumii mashine ya elektroni bali kobalti-60, ambayo hutoa gama. Hiyo ni nururifu: nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, haizimwi, na isipotumika hushushwa ndani ya kisima cha maji. Kobalti ya asili, ile inayochimbwa Kolwezi, ni kobalti-59, na yenyewe si nururifu. Hugeuka kobalti-60 ikipigwa na nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia. Hata huko, bidhaa haigusani na kobalti, kwa kuwa kobalti imefungwa ndani ya vijiti vya chuma. Bidhaa inamulikwa na kaa, lakini haibebi kaa. Anayesema "sindano imesafishwa kwa kobalti" mbele ya mchimbaji wa Kolwezi amemwacha na picha ya vumbi la mgodi juu ya sindano.

Ulinganisho wa tochi una mpaka wake, na ni haki kuusema. Elektroni zenye nishati kubwa kupita kiasi zinaweza kusababisha kiini cha atomu kitikisike na kuzaa unururifu. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za chakula zimeweka kikomo cha elektronivolti milioni 10 kwa elektroni. Chini ya kikomo hicho, bidhaa haipati unururifu wa kiasi cha maana. Kikomo hicho ndicho kinachotupa haki ya kusema "tochi".

4. Mwale, tita, boriti au mkondo?

Kifaransa kinasema "faisceau d'électrons", na faisceau ni tita, vitu virefu vilivyofungwa pamoja. Anayetafsiri kutoka Kifaransa anavutwa kusema "tita la elektroni" au "mganda wa elektroni". Anayetafsiri kutoka Kiingereza anavutwa na "boriti", kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa boriti ya dari na kwa mwanga wa taa. Tita linatukumbusha kuni na boriti inatukumbusha paa. Hakuna katika hayo mawili kinachojibu hata swali la kwanza.

"Mkondo" ni bora, kwa sababu elektroni kweli zinatiririka. Lakini "mkondo wa umeme" ni istilahi iliyokwisha kukaa shuleni, nayo inahusu elektroni zinazotembea ndani ya waya. Msomaji atafikiri sindano zimeunganishwa na umeme. Nachagua "mwale wa elektroni". Mwale ni mwembamba, unaelekezwa, una chanzo, na chanzo kikizimwa mwale haupo. Jibu la swali la tatu limo ndani ya neno lenyewe. Najua kwamba elektroni si mwanga, na mwalimu wa fizikia ataongeza maelezo hayo. Lakini kosa dogo katika swali la kwanza ni afadhali kuliko kosa kubwa katika swali la tatu.

Kwa kitenzi hatuhitaji kubuni kitu. Kiswahili kina "kupiga", ambacho huungana na nomino nyingi: kupiga pasi, kupiga picha, kupiga brashi. "Kupiga mwale" kinaingia katika safu hiyo bila kelele. Nguo iliyopigwa pasi haina pasi ndani yake, na kila msemaji anajua hivyo pasipo kuelezwa. Sarufi imetufanyia nusu ya kazi.

5. Hatari ya -a na ya -enye

Hapa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, watunga istilahi hulisahau. Tunabishana kuhusu nomino, lakini mara nyingi kinachopotosha ni kiunganishi.

Tazama "sindano za mionzi". Kihusishi -a katika Kiswahili kinaonyesha umiliki (kitabu cha Asha), kilichomo (chupa ya maji), malighafi (kiti cha mbao), matumizi (kisu cha nyama) na namna (chakula cha haraka). Kwa hiyo "sindano za mionzi" zinaweza kuwa sindano zilizopitishwa chini ya mionzi, sindano zilizobeba mionzi, au sindano za kutibia kwa mionzi. Muktadha hausaidii sana, kwa kuwa msikilizaji hajawahi kuona mashine. Atachagua maana iliyo karibu zaidi na mifano anayoijua, na "chupa ya maji" ni mfano wa karibu sana.

Kihusishi -enye ni kibaya zaidi, kwa sababu hakina utata: "vyakula vyenye mionzi" ni vyakula vilivyobeba mionzi, basi. Anayekitumia kwa pilipili iliyopigwa mwale amesema jambo lisilo kweli.

Dawa ni kitenzi cha kutendwa pamoja na "kwa": "sindano zilizosterilishwa kwa mwale wa elektroni". Kitenzi cha kutendwa katika hali ya -li- kinaweka tendo wakati uliopita, limekwisha. "Kwa" inaonyesha chombo, kama katika "aliuawa kwa mkuki". Sentensi ni ndefu kuliko "sindano za mionzi" kwa maneno kadhaa, na urefu huo ndio unaobeba ukweli.

6. Sterili: kati ya tasa, safi na takatifu

Kifaransa kina neno moja, stérile, kwa mwanamke asiyezaa, shamba lisiloota na bandeji isiyo na vijidudu. Kiswahili kina "tasa" na "mgumba" kwa maana mbili za kwanza, na kishawishi cha kulitumia "tasa" kwa bandeji ni kikubwa, kwa sababu wazo ni lilelile: hakuna kinachozaana. Napinga kabisa. Mwaka 2014 nchini Kenya, maaskofu Wakatoliki walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake inaweza kuwazuia kuzaa. Serikali na Shirika la Afya Duniani zikakanusha. Katika eneo ambalo hofu hiyo imekwisha kusikika, kuandika "sindano tasa" kwenye bango la chanjo ni kuiandikia hofu hiyo ushahidi. Msomaji wa "sindano tasa" hana njia ya kujua kama sindano ndiyo isiyozaa au ndiyo inayomfanya mtu asizae.

"Takasa" inatoka katika jamii ya takatifu, na inaleta ibada pasipohitajika. "Safi" ndiyo yenye madhara ya kila siku. Wauguzi hufundishwa ngazi tatu, ambazo Kifaransa kinazitaja kwa maneno matatu: kuosha, kupunguza vijidudu, na kuviua vyote. Wembe uliooshwa kwa sabuni ni safi. Wembe uliowekwa katika dawa umepungukiwa na vijidudu vingi. Lakini bakteria wa pepopunda huunda spora, yaani hujifunga katika ganda gumu linaloweza kustahimili hata maji yanayochemka. Wembe safi unaweza kukata kitovu cha mtoto na kumpa pepopunda. Lugha inayotumia "safi" kwa ngazi zote tatu inamficha mkunga tofauti kati ya mtoto atakayeishi na atakayekufa.

Katika kiwanda, kusterilisha kuna maana kali zaidi: uwezekano wa kukuta kijidudu hai kimoja katika kifaa usizidi 1 kwa milioni. Hakuna neno la kawaida la Kiswahili lenye ukali huo, na sioni haya kukopa. Mjini Lubumbashi watu wanaosema Kiswahili hospitalini husema tayari kitenzi cha Kifaransa kwa kiambishi ku-. Napendekeza umbo lenye silabi za Kiswahili: kusterilisha, usterilishaji, sterili. Kitenzi kinaishia -sha kama vitenzi vya kusababisha, na kinanyambulika vizuri: kusterilishwa, kusterilishia. Neno geni lina faida hii: linaingia likiwa tupu, bila mgumba na bila madhabahu, na mwalimu analijaza kwa maelezo anayotaka.

Kwa mgonjwa, neno tupu halitoshi. Kwake tuandike sentensi: "Haina kijidudu hai mpaka pakiti ifunguliwe au ichanike." Sehemu ya mwisho ni ya lazima. Usterili ni hali inayolindwa na pakiti. Pakiti ikitoboka, herufi R bado inasomeka lakini haisemi kweli tena.

7. Plazma mbili katika hospitali moja

Mwaka 1879 William Crookes alieleza hali ya nne ya maada, baada ya yabisi, kiowevu na gesi. Mwaka 1928 Mmarekani Irving Langmuir aliipa gesi iliyochanika kuwa chembe zenye chaji jina la plasma, neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichofinyangwa. Jina hilo lilikuwa tayari linatumika kwa sehemu ya damu iliyo kiowevu. Tangu hapo lugha nyingi zimebeba mgongano huo, na Kiswahili kimeurithi. Kuna maandishi ya sayansi yanayosema "utegili", neno lenye sauti nzuri, lakini wasomaji wengi wa kwetu hawalijui, na "plazma" imekwisha kuzoeleka.

Plazma ya gesi si kitu cha ajabu. Radi ni plazma, jua ni plazma, na mwanga mkali wa fundi anayelehemu geti ni plazma pia. Zipo za moto sana, kama ile inayokata mabamba ya chuma katika karakana. Zipo za baridi, ambamo elektroni peke yake zina nishati kubwa huku gesi yenyewe ikibaki vuguvugu. Hizi za baridi hutumika kuchimba mistari midogo katika vipande vya silikoni vya kompyuta, na kuubadilisha uso wa plastiki ili wino usibanduke.

Hospitalini, plazma ya baridi hutumika pamoja na peroksidi ya hidrojeni, dawa ileile tunayoinunua ikiwa nyepesi kwa jina la Kifaransa "eau oxygénée". Vifaa huwekwa katika chumba kidogo, hewa hutolewa, mvuke wa peroksidi huingizwa na kuvizunguka, kisha umeme huugeuza mvuke huo kuwa plazma. Joto halipiti sana nyuzi 50, kwa hiyo kamera za upasuaji na nyaya zake hazidhuriki. Kinachobaki ni maji na oksijeni. Ukilinganisha na oksidi ya ethilini, gesi inayoweza kusababisha saratani na inayohitaji saa nyingi kutoka ndani ya plastiki, jibu la swali la tatu ni zuri sana. Lakini pamba, gozi na karatasi hazifai humo, maana hufyonza mvuke.

Istilahi hapa inadai uangalifu mara mbili. Kwanza, katika mashine hizi sehemu kubwa ya kuua hufanywa na mvuke, na plazma husaidia kuvunja mabaki ya peroksidi. "Kusterilisha kwa mvuke wa peroksidi na plazma" ni jina refu, lakini linaipa kila kimoja kazi yake. Pili, fikiria sentensi "plazma imeisha" ikisemwa kwenye simu kati ya chumba cha upasuaji na stoo. Inaweza kumaanisha kwamba mzunguko wa mashine umekamilika, au kwamba hakuna plazma ya damu ya kumwongezea mgonjwa. Pendekezo langu ni kanuni fupi: katika maandishi ya hospitali, plazma isitembee peke yake. Iwe "plazma ya gesi" au "plazma ya damu". Kihusishi -a, nilichokilalamikia hapo juu, hapa kinafaa, kwa sababu kinataja kitu kinachoiunda plazma na hakuna maana nyingine inayogombana nacho.

8. Kuyajaribu maneno nje ya hospitali

Istilahi nzuri haina budi kusimama nje ya mahali ilipozaliwa. Tujaribu "mwale wa elektroni" katika metali. Koltani inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, ina tantali ndani yake, metali inayotumika katika vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu. Tantali huyeyuka kwa nyuzi 3,017, joto ambalo tanuri za kawaida haziwezi. Viwanda huiyeyusha kwa mwale wa elektroni ndani ya ombwe; uchafu mwingi huvukizwa na kuondoka, na tantali hudondoka ikiwa safi zaidi. Mwale uleule, ukielekezwa kwenye mpira wa plastiki unaofunika waya za umeme, huunganisha minyororo ya molekuli na kuufanya mpira huo ustahimili joto.

Kwa hiyo mwale wenyewe hauui, hauyeyushi wala hauungi. Unaacha nishati, na kila kitu hujibu kwa asili yake: bakteria hushindwa kuzaana, metali huyeyuka, plastiki hushikana. Anayeiita mashine hii "mashine ya kuua vijidudu" atakwama akifika kwenye tantali. "Mashine ya mwale wa elektroni" inafaa kotekote, na kazi yake itajwe kwa kitenzi kando.

9. Muhtasari na zoezi

Mwale wa elektroni: elektroni nyingi zinazorushwa na mashine kuelekea upande mmoja; hukoma mashine ikizimwa.
Mionzi: jina la jumla la kinachosafiri, lisitumike kwa tabia ya kitu wala kwa uchafu.
Unururifu: tabia ya kitu kutoa mionzi chenyewe.
Sterili, kusterilisha: isiyo na kijidudu hai, kuondoa uhai wa vijidudu vyote pamoja na spora; si sawa na safi.
Plazma ya gesi, plazma ya damu: kila mara pamoja na sifa yake.

Wenzangu wanaofundisha mazoezi ya tafsiri wanaweza kuwapa wanafunzi sentensi nne zifuatazo. Kila mmoja aseme sentensi inampotosha nani, katika swali lipi kati ya yale matatu, kisha aiandike upya bila kuongeza zaidi ya maneno sita.

(a) Kituo chetu kimepokea glovu zenye mionzi.
(b) Tumia wembe safi kukata kitovu.
(c) Sindano zote ni tasa.
(d) Plazma ya mashine imeua vijidudu, unaweza kufungua pakiti na kuviweka vifaa mezani mpaka kesho.

Sentensi ya (d) ina makosa mawili, na moja kati yake si la istilahi.